Kulala Kavu, na Ile J Iliyobanduka

Tangu nistaafu, binti yangu Mwende hunicheka kila ninapooga. Nafungua maji, najilowesha, nafunga, najipaka sabuni, ndipo nafungua tena. "Mwaitu, hii ni bomba ya kanju, maji ya mji, si tangi ya gari," huniambia kupitia mlangoni, akiniita mama kwa Kikamba. Namjibu kwamba mazoea yana taabu. Hata sahani bado nazipangusa kwa karatasi kabla ya kuziosha, na nikisikia maji yanatiririka mahali nisipopaona, moyo hunipiga hadi nijue yanatoka wapi.

Nyinyi mnaobaki pale yadini Athi River mnajua ugonjwa huo ulikoanzia. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za mishahara na vyeo nitaziruka, maana ya kwanza ni ya kusikitisha na ya pili haikuwapo. Kwetu kulikuwa na mwenye yadi, na kulikuwa na sisi.

Nilitoka EPZ, kwenye viwanda vya nguo, ambako nilikuwa nashona mifuko ya suruali. Si suruali, mifuko tu. Mtu anaweza kushona mifuko mpaka akasahau kwamba binadamu ana miguu. Niliposikia kuna yadi inayojenga nyumba juu ya malori makuukuu na kuwakodishia watu waende kulala porini, na kwamba wanataka fundi wa kushona mapazia na magodoro, nilikwenda siku hiyo hiyo na mkasi wangu mkobani.

Nilipokewa na Fundi Njoroge. Yeye alikuwa dereva, mchomeleaji na mwalimu wa kila mtu pale. Alizaliwa Yatta, wazazi wake wakiwa wametoka Murang'a kufuata mashamba, kwa hiyo alisema Kikamba kama mimi, lakini akikasirika au akifurahi alirudi kwa mama yake, yaani Kikuyu. Hakuniuliza kama najua kushona. Alinionyesha lori moja lenye nyumba mgongoni, tuliloliita Kobe, akanipa jerikeni moja ya maji, unga, mboga na kiberiti.

"Ingia hapo," akasema. "Upike, uoge, ufue hiyo leso yako, uoshe vyombo. Jioni nitakuja kuona umebakisha maji ngapi."

"Na bomba si iko hapo tu?" nikamuuliza. Kweli, bomba la yadi lilikuwa linadondoka mbele ya macho yetu.

"Bomba gani? Mimi sioni bomba. Mimi naona jangwa."

Basi nikakaa jangwani, katikati ya Athi River, malori ya saruji yakipita nje ya ukuta na bawabu akinichungulia dirishani kuuliza kama nimeona ngamia. Saa ya chakula cha mchana jerikeni ilikuwa tupu na vyombo vilikuwa bado vichafu. Njoroge hakunigombeza. Alinifundisha kupangusa sufuria kwa majivu kwanza, kuogea ndani ya beseni, kisha maji ya beseni yale yale kuyamwaga chooni. Niliporudia zoezi siku iliyofuata, nilibakisha maji ya chai, naye akainywa chai yenyewe kama mtu anayepokea hongo.

Hiyo ndiyo tuliyoiita kulala kavu. Maana yake gari limesimama mahali pasipo na waya wa stima, wala mpira wa maji, wala shimo la kupokea uchafu wako. Chochote utakachotumia umekibeba, na chochote utakachotoa utakibeba vilevile hadi upate pa kukimwaga. Wageni wengi hupenda nusu ya kwanza ya sentensi hiyo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Cha kwanza ni chupa ya soda yenye maji nusu. Unailaza mezani, unaangalia maji yameinamia wapi, unaweka jiwe chini ya gurudumu. Gari likilala upande, friji ya gesi hugoma, na mgeni huanguka kitandani akakulaumu wewe badala ya mlima. Cha pili ni kijiti cha kupimia tangi, kwa sababu ile mishale ya kupimia inayouzwa dukani hudanganya ikipata joto. Cha tatu ni sauti ya ukali, ambayo sikuzaliwa nayo. Niliipata siku mgeni mmoja, bibi harusi, alipochomeka mashine ya kukaushia nywele kwenye betri ya sola. Tulikaa gizani fungate nzima. Baadaye mumewe alinishukuru, lakini si vizuri kutegemea bahati ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye safari mnayoitaka, ile ambayo kila mmoja wenu anaisimulia vibaya.

Mteja alikuwa Bwana Musyoka wa Syokimau, mtu wa ofisi, mwenye miwani na haraka. Alikuja na mkewe, na mama yake ambaye sote tulimwita Susu, kama unavyomwita nyanya yako kwa Kikamba. Susu alikuwa mwembamba, mwenye macho makali, na alinisalimu "Wakya" kabla sijafunga mlango wa gari. Nikaitika "Aa", na kuanzia hapo nikawa wake. Tulikuwa tunakwenda ule mlima wa kaskazini, unaosimama peke yake katikati ya jangwa. Hakuna bomba pale, na hakuna duka. Kuna uwanja wa kupiga kambi, choo cha shimo, na nyani wasio na adabu.

Njiani Susu alinieleza kwa nini. Alipokuwa bibi harusi, mumewe alikuwa nesi katika zahanati chini ya mlima ule. Siku moja mume alipanda na wachunga mifugo hadi begani mwa mlima, akarudi akasema kutoka kule juu ameliona ziwa, Ziwa Turkana, liking'aa. Susu hakupanda kwa sababu alikuwa na mimba ya huyu huyu Musyoka. Akamwambia mumewe, "Ulikuwa na kiu. Mtu wa kiu huona maziwa." Wakabishana. Walibishana wakiwa pale, wakabishana walipohamia Kangundo, wakabishana mbele ya watoto, mbele ya padri, na mwisho kabisa hospitalini. Maneno ya mwisho ya mzee yaliyoeleweka yalikuwa kwamba ziwa linaonekana.

"Sasa ameenda," Susu akaniambia, "na ameniacha na hii maneno. Nataka nione na macho yangu. Nikikosa kupanda safari hii, sirudi tena. Hii magoti imeshanipa notisi."

Njoroge alikuwa usukani. Pamoja naye alikuwa Kyalo, dereva mpya aliyeandaliwa kumrithi, shemasi wa kanisa lao kule Mua, mtu mpole kiasi cha kuomba msamaha kwa mbuzi barabarani. Njoroge alikuwa amemfundisha injini yote, bolti kwa bolti. Nyuma hakuwa amemfikisha.

Na nyuma ndiko kulikokuwa na koki mbili. Moja ilifungua tangi la maji safi, nyingine tangi la uchafu wa choo. Zamani kila koki ilikuwa na jina lake kwa herufi za kubandika, MAJI na TAKA. Jua na miiba vilikuwa vimekula TAKA yote. Kwenye MAJI vilikula J peke yake, na M-A-I zikasogeleana kwa joto. Mimi nilimwambia Njoroge mara nyingi arudishe ile J. Yeye alitazama na kusema, "Si bado inasoma maji?"

Kwake ilisoma. Kwa Kikuyu maji ni maai, na mtu akiandika kwa haraka anaandika mai. Lakini sisi Wakamba maji ni kiw'u. Mai kwetu ni kile kitu ambacho tangi la pili lilibeba, na ni neno ambalo shemasi halitamki mbele ya wazee, wala mbele ya mbuzi.

Tulifika jioni, tukala, tukalala. Asubuhi nilikuwa nje nakoroga uji, Susu ameketi karibu yangu na shali yake, askari wa mlima aitwaye Halake amekuja kupanga safari ya kupanda kesho yake alfajiri. Kyalo akatokea nyuma ya gari akijifuta mikono, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kubatizwa.

"Mama Mwende, ile kazi chafu nimekufanyia. Usijali tena."

"Kazi gani, Deacon?"

"Ile ya nyuma. Ile... si imeandikwa." Akamtazama Susu, akashusha sauti. "Siwezi taja hapa. Lakini nimeweka mpira nikamwaga yote kwa choo, mpaka tone ya mwisho. Na nikuambie kitu. Hawa wageni wetu ni watu wasafi! Hainuki hata kidogo. Imetoka nyeupe, unaweza kudhani ni ya kunywa."

Mwiko uliniponyoka mkononi. Nilikimbia nyuma ya gari nikachovya kijiti kwenye tangi la maji safi, kikatoka kikavu kama kilivyoingia. Nikapiga kelele ambayo Njoroge aliisikia akiwa bado ndani ya blanketi.

"Umefungua gani?" Njoroge alifika na kiatu kimoja.

"Ile imeandikwa," Kyalo akasema.

"Imeandikwa mai!"

"Si ndio nasema!"

"Mai ni maji!"

"Kwa nani?"

"Kwetu!"

"Kwetu ni ile ingine!"

Wakatazamana. Nyani mmoja juu ya mwamba akawatazama pia. Kisha Susu, ambaye alikuwa amesikia lugha zote mbili maisha yake yote, akaanza kucheka. Alicheka mpaka shali ikaanguka, mpaka nikamshika asianguke nayo. Bwana Musyoka, ambaye Kikamba chake ni cha Syokimau, yaani ni cha salamu tu, ilibidi aelezwe neno kwa neno, naye hakucheka.

"Kwa hivyo hakuna maji," akasema.

Maji yaliyomwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagika mahali ambapo hata yangezoleka hakuna ambaye angeyataka. Tulibaki na sufuria ya uji, chupa chache za mkewe Musyoka, na jerikeni nusu ambayo Njoroge aliiweka kwa ajili ya rejeta. Kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, na dizeli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kutufikisha nyumbani, si ya kwenda kisimani na kurudi.

Halake alisikiliza yote kwa upole, kisha akasema sheria yake. "Bila maji mimi sipandishi mtu. Kila mmoja abebe ya kwake. Huyu mama abebe zaidi. Hapa kiu inaua watu wazuri."

"Basi tunarudi," akasema Musyoka. "Mum, pole. Tutapanga siku ingine."

Susu aliacha kucheka. Nilimwona akiutazama ule mlima, na ule mlima ulikuwa pale pale, karibu kiasi cha kuhesabu miti yake. Alijua, nami nilijua, na nadhani hata mwanawe alijua, kwamba siku nyingine haipo. Kyalo alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, akisema "Woi, woi," na Njoroge alikuwa amempa mgongo.

"Halake," Susu akasema, "ule mto wa mchanga, ule ng'ombe walikuwa wanapita, bado uko?"

"Uko, mama. Lakini ni mkavu. Mvua imekataa."

"Mimi sijauliza kama ni mkavu. Nimeuliza kama uko."

Hapo nikamwelewa. Mimi nimezaliwa Masii, na utotoni mto wetu ulikuwa hauna maji juu hata siku moja ila mvua ikinyesha. Maji yalikuwa chini, yamelala mchangani, na mama zetu waliyafukua kwa kata. Siku hizi mto wetu hauna hata mchanga, malori yameubeba wote kwenda kujenga nyumba za akina Musyoka. Lakini mkono haujasahau.

Tulishuka sote isipokuwa Njoroge, aliyebaki kulilinda gari dhidi ya nyani. Susu alitembea mbele na fimbo, Halake kando yake na bunduki, kwa sababu tembo nao hufuata maji. Mto ulikuwa barabara nyeupe ya mchanga kati ya kingo mbili. Mimi nilitaka kuchimba katikati. Susu akanikataza. Akatupeleka kwenye kona, chini ya mwamba uliojitokeza, ambapo vichaka vilikuwa vya kijani wakati vingine vyote vilikuwa vijiti.

"Hapa mwamba inashikilia," akasema. "Chimbeni."

Kyalo hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alichimba kwa sufuria yangu kubwa, akichimba kama mtu anayetafuta jina lake zuri humo ndani, huku akiimba nyimbo za kanisa chinichini. Alipofika kiunoni, mchanga ukawa mweusi. Alipofika kifuani, Musyoka, ambaye alikuwa amesimama na simu akitafuta netiweki, aliiweka mfukoni, akavua viatu, akaingia kumpokea.

"Simameni sasa," Susu akaamuru. "Msiisumbue. Maji ni kama mgeni, ukimkimbilia anaona haya."

Tukasubiri. Sehemu hii ya kazi hakuna anayeifundisha, kukaa tu kando ya shimo bila kufanya kitu. Mkewe Musyoka alitugawia vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, tukajifuta nyuso, na nikaapa tangu siku hiyo kutowacheka wageni wanaovibeba. Kisha chini ya shimo pakaanza kung'aa. Kijicho kidogo cha maji, cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kikapanda polepole.

Susu alikataa mtu mwingine achote. Alikaa ukingoni, Kyalo shimoni akimpa kikombe kimoja kimoja, naye anamimina juu ya pazia nililolishona mwenyewe, tulilolifunga mdomoni mwa jerikeni. Haba na haba. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama jerikeni mbili zilikuwa zimejaa na ya tatu imeanza. Tulifukia shimo kidogo pembeni ili tembo wakija wasitumbukie, tukapanda kambini tukitiririkwa na jasho.

Nilichemsha maji yale yote, nikayaacha yapoe. Njoroge hakuwa amemsemesha Kyalo tangu asubuhi. Nilimpa kikombe, akaonja, akafumba macho. Akasahau alipo.

"Maai," akasema kwa furaha.

Kyalo, aliyekuwa na kikombe chake mdomoni, akaacha kumeza. Akakitazama kikombe. Akamtazama Njoroge. Sijui nani alianza, lakini tulicheka sote mpaka Njoroge akamshika Kyalo begani kwa kukosa pa kujishikilia. Hata Musyoka alicheka, tena bila kutafsiriwa.

Alfajiri Halake alizipima chupa zetu kwa macho, akatikisa kichwa kukubali. Tulipanda Susu, mwanawe, Halake na mimi. Hatukwenda kileleni, tulikwenda begani tu, lakini bega la mlima ule lina vipaji vya ukatili. Susu alipanda kama anavyopika mtu mwenye kuni chache, bila pupa. Alipumzika kila alipotaka, akanywa kidogo, akatukataza kumshika mkono ila penye mawe legevu. Niliogopa mara kadhaa kwamba yale magoti yangetuangusha sote. Mwanawe alitembea nyuma yake, mikono ameinyoosha kidogo, kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea. Sikuwahi kuona haraka ikimtoka mtu hivyo.

Tulifika jua likiwa limeshapanda. Kuna jiwe tambarare pale, na upepo. Susu akasimama juu ya jiwe, akaweka mkono juu ya macho.

Jangwa lilikuwa limetandazwa chini yetu, la kahawia, la kijivu, kisha la samawati. Na mwisho wake kabisa, chini ya mbingu, kulikuwa na utepe mrefu wa maji uking'aa. Haukuwa na shaka yoyote. Hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeuona.

Susu aliangalia kwa muda mrefu sana. Nikaona kidevu chake kikitetemeka, kisha kikatulia, na machozi yakanitoka mimi niliyekuwa sina ugomvi na mtu.

"Mum," Musyoka akasema polepole, "si lile pale?"

"Lipi?"

"Ziwa. Pale, linang'aa."

"Hayo ni mawingu."

Halake alifungua mdomo, yeye ambaye amezaliwa pale na anajua mawingu na anajua ziwa. Nikamkanyaga mguu.

Susu akashuka kutoka kwenye jiwe, akajifunga shali yake vizuri, akamtazama mwanawe machoni.

"Nimepanda mwenyewe, nimeangalia, sijaona kitu," akasema. "Nikimkuta baba yako, nitamwambia hivyo. Tutaanzia hapo."